Kurasa Kumi na Moja, Shahidi Mmoja: Elimu ya Isnadi na Vijana Wetu Mbele ya Tovuti

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, hapa kwetu Somanda, mjini Bariadi, madrasa yetu ya jioni husomesha pia vijana wa sekondari. Asubuhi wako shuleni, na baada ya Alasiri wanakuja kwa darsa ya fiqhi, Sira na lugha ya Kiarabu. Siku moja, wenzake walipokwisha kutawanyika, binti mmoja alibaki nyuma akiwa na daftari lake la historia. Walikuwa wamepewa kazi ya kueleza mwanzo wa dola ya Kilwa. Usiku, mama yake alipomaliza shughuli zake, alimwazima simu, akanunua bando la saa chache, akaingia mtandaoni, akaandika kurasa mbili nzuri zenye mwandiko safi: kwamba Kilwa iliasisiwa katika karne ya 10 na Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme wa Shiraz, aliyekinunua kisiwa kile kwa nguo. Mwalimu wake hakumpa alama. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu neno moja tu: "Umejuaje?"

Binti alikuwa ameudhika. Akaniambia, "Sheikh, mimi sikutunga. Nimefungua tovuti kumi na moja, na zote zinasema hivyo hivyo. Kumi na moja hazitoshi?"

Swali hili ndilo lililonisukuma kuandika makala hii. Vijana wetu leo husomea kwenye simu kama sisi tulivyosomea kwenye vitabu vya maktaba ya msikiti, na wengi wetu tuliowazidi umri tunawaambia mambo mawili tu: ama waache simu, ama wawe waangalifu. La kwanza haliwezekani, na la pili halina faida bila ya kumwonyesha mtu namna ya kuwa mwangalifu. Ilhali namna hiyo tunayo. Tumeirithi, tunaisomesha, na mara nyingi tunaiacha ndani ya mlango wa madrasa, kana kwamba haina kazi nje yake. Nakusudia elimu ya isnadi.

WINGI WA CHINI NA UCHACHE WA JUU

Nilimjibu binti yule kwa kumuuliza kama ameihifadhi Hadithi ya nia. Alicheka, kwani ndiyo ya kwanza katika Arubaini za Imam an-Nawawi na kila mtoto wa madrasa anaijua. Nikamuuliza: imepokewa na watu wangapi? Hakujua.

Basi nikamchorea ubaoni. Hadithi hii, ambayo pia ndiyo inayofungua Sahihi ya al-Bukhari, imepokewa na umati mkubwa wa wanazuoni kutoka kwa Yahya bin Said al-Ansari. Ukitazama upande wa chini wa mchoro utaona majina mengi mno. Lakini ukipanda juu, wote wanakutana kwa mtu mmoja, Yahya. Naye ameichukua kwa mmoja, Muhammad bin Ibrahim at-Taymi, aliyeichukua kwa mmoja, Alqama bin Waqqas, aliyeisikia kwa mmoja, Umar bin al-Khattab (r.a.), kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Mahali ambapo njia zote zinakutana wanazuoni wamepaita madari, yaani mhimili wa sanadi. Kwa ajili hiyo hawakuihesabu Hadithi hii kuwa ni mutawatiri, yaani iliyopokewa na kundi kutoka kwa kundi tangu mwanzo hadi mwisho. Wameihesabu kuwa ni ya mpokezi mmoja katika asili yake. Hata hivyo ni sahihi bila ya shaka, kwa sababu kila mmoja katika hao wanne wa juu anajulikana kwa jina, kwa zama zake, kwa ukweli wake na kwa nguvu ya hifadhi yake.

Hapa pana mafunzo mawili, na kijana akiyashika amepata nusu ya elimu ya kusoma mtandao. La kwanza: wingi wa wanaorudia habari si wingi wa mashahidi. La pili: shahidi akiwa mmoja, habari haiwi uongo kwa hilo peke yake, ila ni lazima umjue huyo mmoja ni nani.

"Sasa," nikamwambia, "kurasa zako kumi na moja ziko upande wa chini. Kesho tupande juu, tukamtafute Yahya bin Said wake."

UMMA ULIPOANZA KUULIZA

Kabla ya kwenda Kilwa, yafaa msomaji akumbuke kwamba elimu hii haikuanza kwa anasa. Ilianza kwa dharura inayofanana na hii yetu. Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Hujurat aya ya 6, imekwisha kuwaamuru waumini kuchunguza habari anayoileta mtu fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Hata hivyo, katika zama za mwanzo watu walikuwa wachache, wanajuana, na Masahaba wako hai. Aliyesikia neno aliweza kwenda kumuuliza mwenyewe.

Kisha yakatokea mauaji ya Khalifa Uthman bin Affan (r.a.) mwaka 35 Hijria, sawa na 656 Miladia, na fitina zilizofuata. Makundi yakagawanyika, na katika kila kundi wakatokea waliokuwa tayari kumsingizia Mtume (S.A.W.) ili kuipa nguvu hoja yao. Miji ilikuwa imepanuka, na msikilizaji wa Kufa au Basra hakuweza tena kumjua kila asemaye. Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijria (729), ameeleza kwamba hapo mwanzo watu hawakuwa wakiulizia sanadi, na ilipotokea fitina ndipo wakaanza kumtaka kila msimulizi awataje watu wake. Maelezo yake haya Imam Muslim, aliyefariki mwaka 261 Hijria (875), ameyaweka katika utangulizi wa Sahihi yake, kabla hajaanza kunukuu Hadithi, kama mtu anayeonyesha mizani kabla ya kupima.

Kwa hiyo wakaandika tarehe za kuzaliwa na kufa kwa wapokezi, safari zao, walimu wao, na hata uzee ulipowasahaulisha. Elimu ya kumpima mpokezi, yaani kumtaja udhaifu wake au kumthibitishia uadilifu wake, wakaiita al-jarh wat-taadil. Hakuna aliyesalimika na kipimo hicho kwa sababu ya umaarufu wake. Mfano mmoja vijana wangu huupenda: sisi huku Afrika Mashariki tunaisoma Qur'ani kwa riwaya ya Hafs bin Sulayman, aliyefariki mwaka 180 Hijria (796). Katika kisomo, Hafs ni imamu anayefuatwa. Katika Hadithi, wataalamu wamemhukumu kuwa ni dhaifu, wengine kuwa ni wa kuachwa kabisa. Mtu yule yule ni hoja katika fani moja, na si hoja katika nyingine.

WARAKA WA KHAYBAR

Katika karne ya 5 Hijria, mjini Baghdad, waziri wa Khalifa al-Qaim, anayejulikana kwa jina la Ibn al-Muslima, aliletewa waraka unaodaiwa kuwa ni wa Mtume (S.A.W.), unaowasamehe Mayahudi wa Khaybar kutoa jizya. Ulikuwa na ushahidi wa Masahaba, na ilisemwa kuwa mwandiko ni wa Ali bin Abi Talib (r.a.). Hili lilikuwa jambo la haki za watu na mali ya dola, si jambo la kuamuliwa kwa kukisia. Waziri akampelekea waraka ule al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071).

Al-Khatib aliutazama akasema kuwa ni wa kughushi. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kwa tarehe. Miongoni mwa mashahidi walioandikwa yumo Muawiya bin Abi Sufyan, naye alisilimu mwaka Makka ilipofunguliwa, yaani mwaka wa 8 Hijria, ilhali Khaybar ilikuwa mwaka wa 7. Yumo pia Saad bin Muadh, naye alikwisha kufariki mwaka wa 5, baada ya vita vya Khandaq. Mmoja alikuwa bado hajasilimu, na mwingine alikuwa kaburini kwa miaka miwili.

Tazama, ndugu msomaji, kwamba al-Khatib hakushughulika na uzuri wa mwandiko, ukongwe wa karatasi, wala utukufu wa majina yaliyoorodheshwa. Aliuliza tu: je, jambo hili liliwezekana kwa watu hawa katika mwaka huu? Ukurasa wa mtandao nao una mapambo yake: picha, nembo, rangi, na orodha ndefu ya majina makubwa. Kijana aliyeusikia mkasa wa al-Khatib atajifunza kuyapita mapambo na kwenda moja kwa moja kwenye tarehe.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sitakuwa mwadilifu nikiwahubiria vijana peke yao. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia darsani kisa cha Imam Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main. Wanasema waliswali katika msikiti wa Rusafa, Baghdad, akasimama mtoa visa akasimulia Hadithi ya kubuni, akidai ameipokea kwa Ahmad na Yahya wenyewe. Walipomkabili, akawakejeli kana kwamba duniani hakuna Ahmad na Yahya ila wao. Kisa kinachekesha, kinafundisha, na watoto hawakisahau. Mimi nilikisikia kwa mwalimu wangu, nikakikuta katika vitabu, nikakirudia.

Siku moja nilipokuwa nikisoma Siyar Aalam an-Nubala ya Imam adh-Dhahabi, aliyefariki mwaka 748 Hijria (1348), nikakuta ameeleza kuwa kisa hiki kimeenea katika ndimi za watu nacho ni batili, na kwamba anamdhania mmoja katika wapokezi wake kuwa ndiye aliyekitunga. Nilikaa kimya kwa muda. Nilikuwa nimewaonya watoto juu ya uzushi kwa kutumia kisa cha kuzuliwa! Na hoja yangu ilikuwa ile ile ya binti wa daftari: nimekiona mahali pengi.

Juma lililofuata niliwaambia wanafunzi wangu ukweli huo. Niliogopa kuwa heshima yangu itapungua. Kijana mmoja akauliza, "Sheikh, je, yako mengine?" Nikamjibu kuwa huenda yako, na kwamba yeyote atakayeliona aniletee. Nadhani jibu lile liliwafundisha zaidi kuliko kisa chenyewe.

TUNAPANDA KUELEKEA KILWA

Siku ya pili tulikaa, mimi, binti yule na wenzake watatu, na simu moja. Tukazifungua kurasa zake moja baada ya moja. Kadhaa hazikuwa na jina la mwandishi wala tarehe. Tatu zilikuwa na maneno yale yale neno kwa neno, hata herufi moja iliyokosewa katika jina la Shiraz ilikosewa vivyo hivyo katika zote tatu. Vijana wakashtuka wenyewe: watu watatu hawawezi kukosea mahali pamoja isipokuwa wamenakili pamoja. Hizo tatu tukazihesabu moja. Nyingine zilitegemea kamusi elezo huru ya Wikipedia. Nayo, kwa insafu, ilikuwa bora kuliko wenziwe, kwa sababu chini yake ilitaja ilikotoa habari. Tukazifuata rejea zile.

Zilitupeleka kwenye vitabu vya karne ya 20, navyo vikatupeleka kwenye asili moja yenye matoleo mawili: Tarehe ya Kilwa. Toleo moja limo katika kitabu cha Mreno João de Barros, Décadas da Ásia, kilichochapishwa mwaka 1552, baada ya Wareno kuivamia Kilwa mwaka 1505. La pili ni la Kiarabu, Kitab as-Sulwa fi Akhbar Kulwa, nalo limetufikia kwa nakala iliyofanywa Zanzibar mwaka 1877 kwa ajili ya John Kirk, balozi wa Uingereza, na sasa limehifadhiwa London. Mwandishi wake wa asili aliishi katika karne ya 16, na jina lake halikutufikia.

Matoleo hayo hayaafikiani katika kila jambo. Katika la Kireno, Ali anakuja na merikebu mbili kutoka Hormuz. Katika la Kiarabu, ni baba na wanawe sita katika merikebu saba, kila moja ikatia nanga mji wake. Yanakutana katika habari ya kukinunua kisiwa kwa nguo.

Basi tukachora sanadi yetu ubaoni. Chini: kurasa kumi na moja. Juu yake: vitabu vichache. Juu yake: matoleo mawili. Juu kabisa: simulizi moja ya watu wa Kilwa, iliyoandikwa karne tano au zaidi baada ya tukio inalolisimulia. Kati ya tukio na kalamu hakuna jina hata moja tunalolijua. Mtu wa Hadithi anaiita sanadi kama hiyo munqatii, yaani iliyokatika.

Binti akauliza, "Kwa hiyo ni uongo?" Nikamwambia, la, usiruke. Habari iliyokatika haikubaliwi kwa nguvu zake yenyewe, lakini haiitwi uongo mpaka uongo wake udhihirike. Inangoja, na tunatafuta kama iko njia nyingine ya kuitilia nguvu, ambayo wenyewe wanaiita shahidi.

Na mashahidi wapo, waliotoka ardhini. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha kazi yake mwaka 1974. Kwa kupima tabaka za udongo, vyungu na sarafu, aliona kuwa utawala wa Washirazi hapo ulianza mwishoni mwa karne ya 12, karibu karne mbili baada ya zile kurasa zinavyosema. Waliomfuata wameijadili tarehe hiyo, na wako waliomrudisha Ali bin al-Hasan nyuma hadi karne ya 11. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, ikiwemo Kilwa, na sehemu za jirani. Watafiti walikuta kuwa wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na asili ya Asia, iliyo kubwa zaidi ya Kiajemi, hasa kwa upande wa baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000 Miladia.

Ushahidi huu haumtaji Ali, wala merikebu, wala nguo. Lakini unasema kuwa wazee wa Kilwa hawakubuni kila kitu waliposema kuwa baba zao walitoka Uajemi. Unasema pia jambo ambalo simulizi ililipitia haraka, nalo ni bibi zao, wenyeji wa pwani hii, ambao ndio asili kubwa ya watu wale. Laiti tungetosheka na zile kurasa kumi na moja, tusingeyajua haya. Na laiti tungeitupa Tarehe ya Kilwa kwa kusema ni ngano, tusingeyajua pia.

MAMBO YA KUWAFUNDISHA VIJANA

Kutokana na kikao kile niliandika maswali sita, ambayo sasa vijana wetu huyapitia kabla ya kunakili chochote kwenye daftari.

Kwanza: nani anasema? Ukurasa usio na mwandishi wala taasisi inayouwajibikia ni kama mpokezi tusiyemjua, na wanazuoni wameiita hali hiyo jahala. Usiutegemee peke yake.

Pili: je, hii ndiyo fani yake? Wakumbuke Hafs. Anwani inayoishia na .go.tz ni ya serikali, na .ac.tz ni ya vyuo. Hizo ni alama njema, lakini hazitoshi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ni hoja katika idadi ya watu: kwayo tunajua kuwa Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9 nchini, na ile ya 2022 milioni 61.7. Kwa habari ya Washirazi, kamuulize mtu wa historia na akiolojia.

Tatu: imeandikwa lini? Bado mtandaoni ziko kurasa zinazosema Bariadi iko Mkoa wa Shinyanga. Aliyeandika mwaka 2010 alisema kweli. Mwaka 2012 ukaanzishwa Mkoa wa Simiyu, na ukweli ule ukapitwa. Sisi tuliosoma nasikhi na mansukhi tunaelewa vizuri kuwa neno laweza kuwa kweli katika wakati wake, na hukumu yake ikaondoka baadaye.

Nne: amelitoa wapi? Mwandishi anayetaja alikochukua anakupa ngazi ya kupanda. Asiyetaja anakutaka umwamini yeye tu. Katika fungu hili naweka programu za akili mnemba, ambazo zimeenea tangu mwishoni mwa 2022. Zinajibu kwa lugha nzuri na kwa haraka, lakini jibu lenyewe halina sanadi, na hutokea zikataja kitabu ambacho hakijapata kuandikwa. Kijana anaweza kuziuliza ili apate pa kuanzia. Asiandike daftarini ila alichokithibitisha kwingine.

Tano: je, ni mashahidi wangapi hasa? Usihesabu kurasa, hesabu asili. Maneno yakifanana mpaka makosa yake, ni ukurasa mmoja.

Sita: je, tarehe zinakubaliana? Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500. Kijana asiyejua kuwa huo ni mwaka wa Hijria ataandika kuwa msikiti ulijengwa kabla hajazaliwa Mtume (S.A.W.)! Mwaka 500 Hijria ni sawa na 1107 Miladia. Hesabu ndogo humwokoa mtu na aibu kubwa.

Kwa wenzangu wa Simiyu, ambao wengi tumelelewa na pamba, nimezoea kulisema jambo hili kwa njia fupi. Mnunuzi mjuzi haridhiki na weupe wa juu ya gunia. Anaingiza mkono mpaka chini, kwani huko ndiko maji na mchanga hufichwa, kisha ndipo anaitenga pamba safi na pamba fifi. Mtoto wa mkulima anajua. Mwambie afanye hivyo hivyo na tovuti.

TAHADHARI NA ADABU

Yako mambo mawili ya kuchunga. La kwanza ni kwamba lengo si kuwafanya vijana wawe watu wa kushuku kila kitu. Anayemshuku kila mtu hana elimu zaidi ya anayemwamini kila mtu, kwani wote wawili wamekwepa kazi ya kuchunguza. Wanazuoni wetu walikuwa na daraja: sahihi, hasan, dhaifu, maudhui. Kijana naye ajizoeze kuwa na daraja, asiwe na "kweli" na "uongo" tu.

Na kila daraja ina lugha yake. Imam al-Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870), anaponukuu bila ya sanadi kamili ndani ya Sahihi yake, hutofautisha baina ya tamko la kukata, "amesema fulani", na tamko lisilokata, "imesimuliwa kutoka kwa fulani". La kwanza wameliita sigha ya jazmi, na la pili sigha ya tamridhi. Hii ni adabu ya ukweli iliyowekwa ndani ya sarufi. Kiswahili chetu nacho kinaiweza: kati ya "Ali aliinunua Kilwa" na "imesimuliwa katika Tarehe ya Kilwa kwamba Ali aliinunua" kuna tofauti ya uaminifu.

La pili ni juu ya kusema watu. Kijana huweza kuona haya kuuliza kama mwandishi fulani anaaminika, akidhani anasengenya. Imam an-Nawawi katika Riyadh as-Salihin amebainisha hali ambazo kumtaja mtu kwa aibu yake kunaruhusiwa kwa maslahi ya kisheria, na miongoni mwake ni kuwatahadharisha Waislamu, ikiwemo kuwapima wapokezi. Bali ni lazima inapohitajika. Lakini isizidi haja: tunapima habari na mleta habari kwa kadiri ya ile habari, hatufungui baraza la kumdhihaki.

Na kwetu sisi wazazi na walimu, mlango ni huo huo. Mtoto akikuuliza, "Umejuaje, baba?" usimkaripie. Swali hilo waliliuliza wakubwa kwa wakubwa wenzao mjini Basra na Kufa, na kwa sababu yake dini yetu imetufikia ikiwa safi. Mtoto aliyekatazwa kuuliza nyumbani hatauliza mbele ya simu.

Binti yule aliandika upya kazi yake. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Alianza kwa maneno, "Imesimuliwa katika Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa karne ya 16," kisha akaeleza matoleo yanavyotofautiana, alichokiona Chittick ardhini, na ulichosema utafiti wa 2023. Mwishoni akaandika kuwa yeye kwa sasa haoni tarehe moja ya kuikata. Aliporudi na daftari lake, pembeni hapakuwa na swali. Palikuwa na alama ya vema, na chini yake mwalimu amemwomba awaeleze wenzake darasani namna alivyotafuta.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atunufaishe kwa aliyotufundisha, atufundishe yatakayotunufaisha, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa miongoni mwa wanaosema kweli na kuitafuta kwa njia yake. Wallahu aalam.